Fundi Jibu: Taa inakula betri halafu haiangazi, tatizo nini?

Mwezi huu barua na meseji nyingi zimekuja za taa za LED, kuanzia vijana wanaojiundia taa za betri mpaka watu wa mabango ya maandishi yanayotembea, na karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nifanyeje iwake zaidi. Na karibu wote dawa waliyoifikiria ni kuongeza umeme. Jamani, LED ukiisukuma zaidi sehemu kubwa ya ulichoongeza inaondoka kama joto, na joto ndo linaloiua. Kwa hiyo humu ndani mtaniona naulizia joto kila mahali, ni jambo linaloniuma kweli kwa sababu watu wanapoteza hela na vifaa vizuri vinakufa bila sababu. Barua nimezipunguza urefu, maswali nimeyaacha kama yalivyokuja.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mbagala, nimemaliza kidato cha nne. Nimetengeneza taa ya LED nyeupe 12, zile ndogo za milimita 5, kwa betri ya volti 12 ya ampea-saa 7. Nimezifunga zote paraleli (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja) kwa rezista moja, kile kifaa cha kubana mkondo, ya omu 39 ya wati 5. Inawaka lakini nyingine kali nyingine hafifu, rezista inaunguza kidole na betri haikai. Nikiweka rezista ndogo zaidi mwanga si utaongezeka? (Kijana wa Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuandika namba zote maana wengi wananiandikia "taa yangu haiwaki vizuri" basi imeisha hapo. Rezista usipunguze. Tupige hesabu kwanza uone betri yako inakwenda wapi.

LED nyeupe ikiwaka kawaida inashika kama volti 3.2 kati ya miguu yake miwili (nyeupe na bluu zinacheza kwenye 2.8 hadi 3.4, nyekundu karibu 2 tu). Betri inatoa 12, kwa hiyo volti 8.8 zote zinaangukia kwenye rezista. Gawa 8.8 kwa 39 unapata kama miliampea 226, huo ndo mkondo unaotoka kwenye betri muda wote taa ikiwaka. Sasa zidisha: rezista peke yake inakula karibu wati 2, na LED zako zote 12 kwa pamoja zinaambulia wati 0.72. Yaani katika kila sehemu 100 za betri yako, 73 zinapasha moto rezista na 27 ndo zinafika kwenye taa. Kidole kinaungua kwa sababu hiyo.

Na kule kuwaka bila kulingana kunatokana na paraleli ya rezista moja. LED hata zikitoka pakiti moja pale Kariakoo hazilingani volti, moja iko 3.0 nyingine 3.2, yenye volti ndogo inavuta mkondo mwingi kuliko wenzake, ikivuta inapata moto, ikipata moto volti yake inashuka tena kidogo, ikishuka inavuta zaidi, na mwisho inakufa halafu mzigo wake wanagawana zilizobaki na safari inaanza upya kwa ya pili. Ukipunguza rezista unaharakisha tu hicho kifo.

Fanya hivi. Zigawe makundi manne ya LED tatu tatu kwa sirizi, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, na kila kundi lipate rezista yake. Tatu kwa sirizi zinachukua volti 9.6, zinabaki 2.4, ukitaka miliampea 20 rezista ni omu 120 na ile ya robo wati inatosha kabisa. Makundi manne yatavuta miliampea 80 jumla badala ya 226, na mwanga ni uleule au umezidi kidogo. Kwa hesabu ya karatasi betri iliyokuwa inaenda saa 31 sasa inaenda saa 87, ingawa betri ya asidi usiimalize mpaka mwisho, ukiizoesha hivyo haitadumu.

Sasa kuna kitu kimoja hesabu hiyo imekuficha, betri haikai volti 12 muda wote. Kama unaichaji kwa sola itapanda mpaka 14.4 na hapo rezista ya 120 inaruhusu miliampea 40, mara mbili ya unayotaka, halafu usiku wa manane betri imeshuka volti 11 unabaki na kama miliampea 12 na taa imefifia. Tatizo hili linamalizwa na tranzista mbili ndogo kwa kila kundi (tranzista ni kifaa cha miguu mitatu, kolekta, besi na emita, kinachoachia au kubana mkondo), BC547 zinafaa na ziko kila duka la spea. Ya kwanza, kolekta yake inapokea mguu wa hasi wa kundi la LED, emita inakwenda kwenye rezista ya omu 33 kisha hasi ya betri, na besi yake inavutwa kwenye chanya kwa rezista ya kilo-omu 10. Ya pili, besi yake inaingia pale emita ya kwanza inapokutana na ile ya omu 33, kolekta yake inashika besi ya kwanza, emita yake hasi. Inavyofanya kazi ni kwamba mkondo ukitaka kuzidi miliampea 20 hivi, kwenye ile omu 33 kunatokea kama volti 0.65, tranzista ya pili inafunguka na kuibana ya kwanza. Betri ipande ishuke, mpaka karibu volti 10.4 mwanga haubadiliki. Na kuna uzuri wa ziada ambao mimi naupenda sana kwenye saketi hii: joto likiongezeka ile 0.65 inashuka yenyewe, kwa hiyo LED zikichemka mkondo unapungua bila wewe kugusa kitu.

Ijenge kundi moja kwanza, weka mita kwenye sirizi usome mkondo, ukiona kati ya 18 na 20 ndo ujenge matatu yaliyobaki.

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Nina genge na duka dogo Tandika. Nimenunua globu ya LED imeandikwa wati 18 lakini mwanga wake naona unazidiwa na ya jirani yangu ya wati 9. Nimeuziwa feki? Na hiyo ndo inakula LUKU zaidi? (Mama wa Tandika)

JIBU: Shikamoo mama. Wati ni umeme ambao globu inakula, mwanga wenyewe unahesabiwa kwa lumeni, na ni lumeni unatakiwa kuisoma kwenye boksi. Ile globu ya zamani ya waya ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800, na LED nzuri ya wati 9 inatoa hizohizo. Boksi lisilo na lumeni liache dukani, hata kama wati zimeandikwa kubwa kwa wino mwekundu.

Kwa upande wa LUKU, ya wati 9 ukiiwasha saa 6 kila siku ni kama yuniti 1.6 kwa mwezi, ya wati 18 kama inakula kweli 18 ni yuniti 3.2, na ile ya zamani ya 60 ilikuwa karibu yuniti 11. Yako inaweza ikawa inakula 18 na kutoa mwanga wa 9, au ikawa haili hizo 18 kabisa na namba imeandikwa kwa ajili ya kuuzia tu. Kujua ni rahisi: siku moja zima kila kitu dukani, iache hiyo globu peke yake, na umwombe kijana wako ahesabu miwako ya ile taa ndogo ya kwenye mita kwa saa nzima, kisha afanye hivyohivyo kwa globu ya jirani. Pembeni ya taa hiyo pameandikwa miwako mingapi ni yuniti moja.

Kipimo kingine, ielekeze kamera ya simu kwenye globu ikiwa inawaka. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye skrini basi mwanga wake unapandashuka mara 100 kwa sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50, na saketi ya ndani imebaniwa kapasita ya kuutuliza. Macho ya mtu anayekaa chini yake kutwa nzima yanachoka.

Halafu kabla hujatoa hela nyingine mama, hebu ishushe. Kama iko mita 2 juu ya meza ukaishusha ikawa mita 1, mwanga unaofika mezani unakuwa karibu mara nne na LUKU haijui kama umeishusha. Hakikisha tu mtu hawezi kuigonga kichwa na waya uwe mzima.

SWALI: Globu ya LED chumbani, Kimara, nikizima swichi inabaki inang'aa kidogo usiku kucha. Ni hatari?

JIBU: Mara nyingi fundi aliyefunga nyumba aliiweka swichi kwenye nyutro badala ya kwenye laini ya moto, kwa hiyo globu ina umeme hata ikiwa imezimwa. Hiyo ni hatari kwa atakayebadilisha globu akidhani iko salama, mwite fundi wa umeme mwenye leseni abadilishe. Kama swichi yako ina kataa kadogo ka kukuonyesha ilipo gizani basi huenda ni hako ndo kanapitisha umeme kidogo, hapo hakuna la kuogopa.

SWALI: Habari kaka. Sisi wavuvi wa dagaa hapa Kunduchi tumeacha karabai, tumefunga taa za LED zile za chipu moja kubwa ya njano ya wati 50, na bodi ndogo ya kupandisha volti kutoka betri ya 12. Zinaanza vizuri sana lakini baada ya wiki kadhaa mwanga unakuwa wa bluubluu na hafifu kisha zinakufa moja moja. Tukaongeza ampea kwenye ile bodi ndo zikafa haraka zaidi. Na wengine wanasema kijani ndo inavuta dagaa, ni kweli? (Wavuvi watatu, Kunduchi)

JIBU: Kaka zangu poleni, hela ya chipu na usiku wa bahari vyote vimepotea hapo. Ule ubluu ndo umenipa jibu. LED nyeupe ndani yake ni chipu ya bluu iliyofunikwa na unga wa njano, bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. (Chipu hiyo ya bluu ndo iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, kabla yake LED nyeupe ya kuangazia nyumba haikuwezekana.) Chipu ikichemka kupita kiasi ule unga na ile gundi iliyoushika vinaharibika, njano inapungua, inabaki bluu. Taa zenu zinakaangika.

Chipu ya wati 50 inataka kama volti 30 hadi 36 na ampea 1.5, na zaidi ya nusu ya wati zile zinatoka kama joto pale pale nyuma yake, kwenye kieneo cha sentimita chache tu. Lile joto lisipokuwa na njia linapanda dakika chache tu. Nataka mwangalie mambo kadhaa. Hitisinki, kile chuma cha kupozea, iwe kubwa ya alumini yenye mapezi, imetazamishwa upepo unakopita, wala isiwe imefungiwa ndani ya ndoo ya plastiki kama wengi wanavyofanya kuikinga na maji. Kati ya chipu na alumini pawe na ile pesti ya kupozea, iliyopakwa nyembamba sana na sio kumwagwa, na skrubu zote nne zikazwe sawasawa, chipu ikilala upande mmoja tu ule mwingine unaungua. Baada ya nusu saa ya kuwaka shikeni hitisinki, mkishindwa kuiacha mkono kwa sekunde 5 hiyo haitoshi, na ndani ya chipu ni moto zaidi ya hapo.

La pili ndo ningependa mlishike vizuri. Msiongeze ampea, punguzeni, ongezeni chipu. LED kadri unavyoisukuma ndivyo kila ampea inavyotoa mwanga kidogo zaidi kuliko iliyotangulia, ni tabia ya chipu zenyewe hata zikiwa baridi. Chukueni chipu mbili za wati 50, kila moja muiendeshe kwa ampea 0.75 badala ya 1.5: mnatumia umeme uleule au pungufu, mwanga wa jumla unazidi wa chipu moja iliyobanwa, na kila moja inabaki baridi ikadumu. Ndivyo ilivyotengenezwa ile globu ya Philips iliyotolewa Dubai mwaka 2016 kwa ushirikiano na manispaa ya kule, wati 3 inatoa lumeni 600, na siri yake kubwa ni kuweka LED nyingi halafu kuzilisha kidogo kidogo.

Ile bodi ya kupandisha volti iwekeni karibu na betri, kwenye boksi kavu, msiipandishe juu ya mlingoti pamoja na taa. Ona hesabu: waya wa milimita 1 mraba, urefu wa mita 5, kwenda na kurudi mita 10, una ukinzani wa kama omu 0.17. Mkipitisha volti 12 humo mkondo ni kama ampea 4.6, mnapoteza wati 3.6 njiani. Mkipitisha volti ambayo imeshapandishwa, mkondo ni 1.5, mnapoteza wati 0.4 tu. Waya uleule, taa ileile, na bodi haipigwi na chumvi. Maungio yote yapigwe solda (ile risasi ya kuunganishia nyaya) vizuri, yafunikwe kwa silikoni, chumvi ya bahari ikiingia kwenye shaba iliyogusana na alumini inakula kimyakimya.

Kuhusu rangi: maji ya bahari yanameza nyekundu ndani ya mita chache za mwanzo, kinachofika chini ni bluu na kijani, bluu zaidi kwenye maji safi ya mbali na kijani zaidi kwenye maji ya pwani yenye tope na majani. Kwa hiyo wanaosifia kijani wana hoja, ila nyeupe ya LED ina bluu na kijani cha kutosha ndani yake, na chipu za kijani kwa kawaida zinageuza umeme kuwa mwanga vibaya kuliko za bluu. Mkilinganisha msitumie lumeni, lumeni zimepimwa kwa jicho la binadamu ambalo linaona kijani kuliko rangi zote, dagaa hawana jicho hilo. Na taa ielekezeni chini, moja kwa moja kwenye maji, ikiangaza kwa pembeni mwanga mwingi unateleza juu ya maji unaenda kwa watu wa boti nyingine. Aina na nguvu ya taa inayoruhusiwa muulizeni afisa uvuvi wenu kabla hamjanunua.

SWALI: Fundi mi nafunga mabango ya LED Sinza na Mwenge. Nimemfungia mteja wa famasi bango la P10 (nukta zake zimeachana milimita 10) la rangi zote, modyuli 8 kwa mstari, yaani vile vipande vinavyounganishwa kuwa bango, pawa saplai moja ya volti 5 ampea 40. Modyuli za mwanzo ziko poa, za mwisho nyeupe inageuka kama nyekundu au njano na maandishi yanacheza. Nimebadilisha modyuli mbili lakini wapi. Na mchana mteja analalamika halionekani, nikipandisha mwanga 100 kwenye programu ndo inazidi kucheza. (Fundi mabango)

JIBU: Usibadilishe modyuli tena ndugu yangu, ziko nzima. Volti zinaishia njiani. Weka mita pale pale kwenye soketi ya umeme ya modyuli ya mwisho huku bango likionyesha nyeupe tupu, nadhani utasoma 4.2 au chini yake.

Kwenye volti 5 mkondo ni mkubwa na hakuna akiba ya kupoteza. Waya wa milimita 1.5 mraba wa mita 2, kwenda na kurudi 4, una kama omu 0.046, inaonekana sio kitu, lakini pitisha ampea 20 humo inaangusha volti 0.92. Nyekundu inayotaka volti 2 haijali, bado ina za kutosha. Bluu na kijani zinataka 3 na zaidi, halafu kuna chipu inayoziendesha nayo inataka yake, hizo ndo zinakufa njaa kwanza, na nyeupe iliyopungukiwa bluu na kijani ndo hiyo nyekundu-njano unayoiona. Kucheza kwa maandishi nako ni chipu za data zinazochanganyikiwa volti ikishuka, hasa kama hasi ya mwisho imeinuka.

Dawa ni kutorithisha umeme kutoka modyuli moja kwenda nyingine. Toa waya nene, milimita 2.5 au 4, moja kwa moja kutoka pawa saplai kwa kila modyuli mbili, chanya na hasi zote mbili, watu wanasahau hasi wakati nayo inapitisha ampea zilezile. Pawa saplai iweke katikati ya bango badala ya pembeni, umeshapunguza urefu wa waya nusu bila gharama. Ile skrubu ndogo ya kurekebisha volti unaweza kuipandisha mpaka 5.2 kufidia kidogo, zaidi ya hapo usiende, utaua chipu za modyuli za mwanzo.

Sasa habari ya mchana. Bango kama hilo haliwashi LED zake zote kwa wakati mmoja, zinawashwa mstari kwa mstari kwa zamu haraka sana, kwa hiyo kila LED inawaka sehemu tu ya muda na kuna mwisho wa kuipandisha. Ila kusomeka juani kunategemea tofauti kati ya maandishi na kinachoyazunguka. Andika kwa herufi nene kwenye nyuma nyeusi, usiweke nyuma ya rangi, ukifanya nyuma nyeupe na herufi nyeusi unawasha karibu kila pikseli (nukta ya bango) na kula ampea zote bure. Famasi si inapenda kijani, herufi za kijani peke yake zinatumia LED moja kati ya tatu za kila pikseli. Futa vumbi, vumbi la barabarani pale Sinza linakuwa pazia kabisa baada ya mwezi mmoja wa kiangazi, na weka kibaraza kidogo cha bati juu kuzuia jua la saa nane lisiipige uso. Usiku shusha mwanga mpaka asilimia 20 au 30, kontrola nyingi zina sehemu ya kupanga saa, jicho gizani halioni hasara yoyote na modyuli zinapumua.

SWALI: Mimi mwanafunzi wa chuo, naishi Ubungo. Kuna mwenzangu anabisha kwamba LED ukiiwasha na kuizima haraka sana kwa mkondo mkubwa inaonekana kali kuliko kuiwasha moja kwa moja kwa wastani uleule, eti jicho linakumbuka kilele. Tunatengeneza saa ya tarakimu nne kwa ajili ya mradi. Nani yuko sahihi? (Dada wa Ubungo)

JIBU: Dada, uko sahihi wewe kama ulikuwa unambishia. Kukishakuwa na kasi ambayo jicho halioni kupepesa, jicho linachukua wastani. Mwenzako hajatunga lakini, LED nyekundu za zamani, vizazi vilivyofuata ile ya kwanza ya Mmarekani Nick Holonyak ya mwaka 1962, zilikuwa zinafanya vizuri zaidi kwenye mkondo mkubwa, kwa hiyo kuzipiga kwa vipande kulikuwa na faida kweli. Za siku hizi ni kinyume, nimeeleza kwa wavuvi hapo juu, miliampea 40 nusu ya muda zinatoa mwanga pungufu kuliko 20 muda wote.

Na watu wengi wanadhani kuwasha na kuzima kunaokoa umeme wa rezista. Hakuokoi. Muda ule LED inapowaka rezista inapoteza sehemu ileile, umepunguza mwanga na matumizi pamoja. Anayeokoa kweli ni draiva ya koili, ambayo inaweka umeme kwenye koili na kuutoa badala ya kuuchoma, hizo zinafikisha asilimia 85 hadi 95 bila shida.

Kwa saa yenu ya tarakimu nne mkizungusha zamu kila moja inawaka robo ya muda, kuonekana kama miliampea 20 mnahitaji 80 za kilele, na programu ikikwama tarakimu moja inabaki na hizo 80 mpaka iungue. Mimi ningefunga kila tarakimu na chipu yake ya 74HC595, ambayo inapokea namba kutoka kwenye programu na kuishikilia, inawaka muda wote kwa miliampea chache, programu ikwame isikwame hakuna kinachoungua. Halafu mbele wekeni plastiki ya rangi ileile ya tarakimu, nyekundu kwa nyekundu, inazuia mwanga wa chumbani usirudi machoni na namba zinatoka wazi bila kuongeza hata miliampea moja.

SWALI: Mzee wa kazi, mi nakarabati globu za LED Buguruni. Nikikuta LED moja ina doa jeusi naiunganisha kwa tone la solda globu inawaka tena, lakini zinarudi baada ya mwezi. Kuna namna ya kuzifanya zidumu? (Fundi Buguruni)

JIBU: Ipo. LED humo ziko sirizi ndo maana moja ikifa zote zinazima, na kuiruka moja sio dhambi, mbili au tatu usiruke, volti za ziada zitamwangukia ile chipu ndogo inayoendesha. Ila LED ile ilikufa kwa joto, na ukiirudisha globu na joto lilelile inayofuata iko njiani.

Angalia pembeni ya chipu ya kuendesha, globu nyingi zina rezista ndogo mbili bapa zimekaa sambamba, za omu chache au makumi machache. Hizo ndo zinapanga mkondo. Ng'oa moja. Kama zinalingana mkondo unashuka nusu, globu ya wati 9 inakuwa kama 4 au 5, lakini mwanga haushuki nusu kamili kwa sababu LED zimepoa na zinafanya kazi vizuri zaidi, na jicho lenyewe litaona imepungua kidogo tu. Mwambie mteja ukweli kwamba imepunguzwa ili idumu, wengi wanakubali wakielezwa. Ukiwa umeifungua safisha bati la LED na upake pesti ya kupozea pale linapokaa kwenye mwili wa globu, nyingi zinatoka kiwandani pakavu.

Lakini saketi hizo hazijatenganishwa na umeme wa ukutani hata kidogo, volti 230 ikishanyooshwa na dayodi inafika kama 325 kwenye kapasita, na inabaki humo hata ukishaichomoa. Usipime globu ikiwa wazi inawaka kwa mkono mtupu juu ya benchi la chuma. Ukichomoa, gusisha miguu ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 10 iliyoshikwa na koleo lenye mpini wa plastiki, subiri sekunde kadhaa, pima kwa mita, ikishasoma chini ya volti 10 ndo uchukue solda.